Weji yangu ya gofu ya digrii 60 inazama bankani, nichukue graindi (umbo la soli) gani?

Chipukizi_Dar: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Hendikapu (kiwango cha uchezaji) yangu 19, nilinunua weji, ile fimbo ya gofu ya kuinua mpira, ya mtumba digrii 60 (mlalo wa uso) baunsi 4 (pembe ya chini ya soli), niliipenda soli yake, yaani sehemu ya chini, nyembamba nikaona ndio kama za mapro. Kwenye nyasi fupi zilizokauka inapiga safi tu, ila bankani, kwenye shimo la mchanga, mchanga ukiwa laini inazama kama jembe na mpira unabaki palepale, mvua zikianza hata chipu (shuti fupi la karibu na shimo) inakwama nyuma ya mpira. Ni mimi au ni weji? Na hizi herufi S, M, K wanazogonga kwenye weji ndo nini?

LofteeKali: Baunsi hiyo mkuu. Simamisha weji mezani shafti ikiwa wima, utaona linalogusa meza ni tumbo la soli, ukingo wa mbele uko juu kidogo. Digrii 4 umeinuka kidogo mno, kwa hiyo ukishuka kwa pembe kali lazima uchimbe. Ndo shida aliyokuwa anaitafutia dawa Gene Sarazen, akaongeza lehemu chini ya soli ili iteleze mchangani badala ya kuzama, akaenda nayo kwenye mashindano ya Open ya Uingereza 1932 akabeba kombe.

KediWaZamani: Kweli kabisa ila namba peke yake haitoshi kijana wangu. Hizo herufi ni majina ya graindi, na graindi ni wapi chuma kimenyolewa kwenye soli, kisigino, ncha au ukingo wa nyuma. Weji mbili zote baunsi 10 zinaweza kukaa tofauti kabisa ukifungua uso, yaani ukiugeuza uangalie juu zaidi, maana ukifungua baunsi inaongezeka na ukingo wa mbele unapanda, kwahiyo kama kisigino hakijanyolewa unakuja kuugonga mpira tumboni. M ya Vokey (weji za Titleist) imenyolewa pande zote hizo tatu, ni ya mtu anayepiga mashuti mengi uso wazi. K ni pana, baunsi kubwa, bankani inasaidia sana. L ni nyembamba ya ardhi ngumu na inataka mkono uliotulia, na yako naona iko ukoo huo. Ila herufi za kampuni moja usizipeleke kwa nyingine, kampuni ya Callaway nao wana S yao.

Nyasi_NBO: Niko Nairobi, huku feawei (njia za nyasi fupi uwanjani) nyingi ni nyasi ya kikuyu, ile nyasi inashika kichwa cha weji vibaya, baunsi ndogo niliachana nayo kitambo. Angalia vipande vya nyasi unavyotoa, vikiwa vinene na virefu wewe ni mchimbaji, tafuta baunsi 10 kwenda juu. Angalia pia soli imechubuka wapi, ikiwa ni ukingo wa mbele tu jibu unalo.

Chipukizi_Dar: Asanteni sana. Nimeichunguza, imechubuka mbele tupu. Leo nimeazima weji ya digrii 56 baunsi 14 ya jamaa, bankani mipira 10 ikatoka 7, na ile yangu ilitoka 2. Ila pale nyasi zimekauka ile 56 iliruka mara mbili ikaupiga mpira tumboni ukapita grini (eneo lenye shimo) yote.

KediWaZamani: Hapo pakavu usiifungue, weka uso sawa, mpira usogeze nyuma kidogo kwenye stensi (unavyosimama). Chukua 56 hiyo ya banka na mvua, 60 usiiuze, itakufaa kiangazi.

Chipukizi_Dar: Sawa mzee wangu, Jumamosi naanza nazo zote mbili.