Vitwitwi wa Tudor wananikimbia, na picha zangu ni vidoa tu

Fundi_Simu_Tudor ameuliza:

Assalaam aleikum wadau. Mimi ni fundi wa simu, siku yangu ni Jumapili tu. Tangu kaskazi ianze nimekuwa nikishuka Mikindani hadi kwenye hori la Tudor, hapa Mombasa, kupiga picha ndege wanaokuja msimu huu. Kamera ni ya mitumba, lenzi 70-300.

Jumapili iliyopita nimerudi na picha 214. Nimefuta 209. Nikikaribia kama hatua arubaini, kitwitwi mmoja analia, wote juu, nabaki na tope na fedheha. Nikisubiri mpaka saa tano ndipo ndege wanatulia, lakini picha zinatoka kama nimepiga ndani ya maji, na mkono wangu hautetemeki, mimi nachomea vipuli vidogo kuliko punje ya mchele. Yangeyange naye anatoka mweupe kama karatasi, unyoya hata mmoja hauonekani. Halafu kuna mmoja mkubwa wa kahawia, mdomo umepinda chini kama mundu. Huyo sijampata hata ukucha.

Rafiki yangu anasema bila lenzi ya 600, ile inayovuta mbali zaidi, najisumbua. Bei yake ni bodaboda na mafuta ya mwezi. Nifanyeje?

Kijana_Bamburi:

Pakua sauti zao kwenye simu, ziwekee spika. Watakuja wenyewe.

Mwana_wa_Uzio:

Yakhe, usinunue kitu. Huyo wa mundu ni sululu, na ndiye mwoga kuliko wote.

Kosa lako ni kuwafuata. Mtu mzima anayetembea wima juu ya tope tupu, hata mimi ningeruka. Babangu alikuwa na uzio wa samaki humo humo horini, nami utotoni nikiwekwa kuulinda. Wachimba chambo walikuwa wakiinama kutwa, vitwitwi wanakula hatua kumi kutoka kwao. Mtu aliyeinama asiye na habari nao hawamjali.

Acha maji yakuletee. Yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika hori zima. Yakianza kujaa, tope linapungua na wao wanasogea juu kidogo kidogo, mpaka wanabanana kwenye ukanda wa mwisho mbele ya mikoko. Wewe uwe umeshaketi hapo kabla yao, chini kabisa, juu ya gunia, mikoko mgongoni.

Sasa hesabu ya siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapa kwetu maji hupwa kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi jioni. Kila siku huchelewa kama dakika hamsini. Basi siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua, yaani maji makubwa, bado ina nguvu, maji yanajaa karibu saa kumi na mbili na jua limelala. Ukiwa upande wa Mikindani unatazama mashariki, jua liko nyuma yako. Jumapili ikiangukia hapo, funga macho kwa kila kitu kingine. Siku za maji mafu lala, maji hayafiki juu na ndege hawana sababu ya kukusogelea.

Ila jua njia yako ya kutokea kabla maji hayajafika. Tope la mikokoni halibembelezi mtu.

Mama_Shela:

Mdogo wangu, mimi napiga arusi. Bibi arusi wa shela nyeupe mbele ya pazia jeusi ndiye huyo yangeyange wako. Kamera inaona giza la tope, inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga, weupe unaungua. Shusha mwanga hatua moja, utaziona nyoya.

Hiyo ya kutetereka ni mazigazi. Tope likishapata jua, joto linapanda na hewa inacheza mbele ya lenzi. Lenzi ya 600 ingekukuzia hayo hayo mazigazi. Ikishapita saa tatu asubuhi funga begi, rudi jioni. Na wakiruka, weka kasi ya 1/1600 ya sekunde au zaidi, picha ikiwa na chenga kidogo si neno.

Ukirudi nyumbani futa chumvi, uache kamera ikauke kabla ya kuifungia begini. Kuvu ikiota ndani ya kioo ndiyo kwaheri. Nimezika lenzi mbili hivyo.

Mwalimu_Kilifi:

Kijana_Bamburi, hapana. Kuna kitwitwi hapo mwenye mdomo uliopinda kidogo, anazaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Kwao sasa ni barafu, amekuja kula. Kila akirushwa bure anachoma mafuta anayoyahitaji kurudi. Spika ya nini?

Fundi, usiache kwenda mwezi wa Aprili. Kabla hawajaondoka wengine wanageuka wekundu kama kutu kifuani, huwezi kuamini ni wale wale wa kijivu. Ukipata nauli, nenda Mida, Watamu, ukamwone *Dromas ardeola*, mweupe mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huko Arabuni anakozaliana huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja tu. Mtoto huja naye mpaka huku, bado anadai kulishwa.

Fundi_Simu_Tudor:

Nimerudi. Jana ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nimeketi kwenye gunia la mchele tangu saa tisa na nusu, mbu wamenila, kandambili moja imebaki kwenye tope mpaka leo. Saa nzima na zaidi hakuna kitu. Nikasema Mwana_wa_Uzio amenicheza shere.

Saa kumi na moja na robo wakaanza kuja. Vitwitwi walipita mbele yangu kwa miguu, wanadonoa, mpaka wengine wakawa karibu mno lenzi ikakataa kuwashika. Sululu akaja wa mwisho, hatua kumi na tano hivi. Akavuta kaa shimoni, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, akammeza kiwiliwili. Ninazo picha sita za hilo, nyoya zote zinahesabika.

Njiani mlinzi wa yadi moja akanisimamisha, akidhani napiga picha yadi yao. Nikamwonyesha sululu kwenye kioo. Akaikuza, akaitazama sana, akaniuliza: "Huyu huliwa?"