Kupanga kuhamia IPv6 katika kampuni ndogo ya intaneti Kisumu: tuanzie wapi?

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Ninasimamia mitambo ya kampuni ndogo inayouza intaneti majumbani na madukani hapa Kisumu. Wateja wetu wengi wako Kondele, Mamboleo na Nyalenda, wengine kando ya barabara ya kwenda Maseno, na tunajiandaa kuvuka hadi Siaya na Vihiga. Sehemu kubwa tunaifikia kwa redio kutoka kwenye minara, na mitaa michache tumeshaivutia faiba. Kila mteja huingia kwa PPPoE (njia ya kumwunganisha kwa jina na nenosiri), ruta zetu kuu ni za MikroTik, na mfumo wa RADIUS ndio unaomfungulia mteja laini mara tu malipo yake ya M-Pesa yanapoingia.

Shida yetu ni anwani, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti. Tuna fungu moja la IPv4, toleo la zamani la anwani, la ukubwa wa /24 (namba hiyo ikipungua, fungu huwa kubwa zaidi), yaani anwani 256, na wateja wamekwisha kulizidi kwa mbali. Tumewaweka nyuma ya NAT, makumi ya nyumba zikichangia anwani moja ya nje. Mwenye duka hawezi kuziona kamera zake akiwa safarini kwa sababu hakuna mlango (namba ya kutenganisha miunganisho ndani ya anwani moja) unaoweza kufunguliwa kuelekea kwake. Tovuti nyingine humtaka mteja athibitishe kila mara kwamba yeye si mashine, kwa kuwa kompyuta ya jirani iliyoingiwa na virusi imeichafua anwani ambayo mtaa mzima unaitumia. Aidha, ikitakiwa kujulikana ni nani aliyetumia anwani fulani saa fulani, hatuna budi kuwa na kumbukumbu za milango yote ya NAT, nazo hujaza diski upesi mno. Kukodi anwani nyingine za IPv4 kunawezekana, lakini hiyo ni kodi ya kila mwezi isiyo na mwisho.

Wakurugenzi wameniruhusu kuandaa mpango wa kuhamia IPv6, toleo jipya la anwani. Naomba kuelekezwa na wenye uzoefu: anwani zenyewe niziombe wapi na nizigawe vipi, nianze na sehemu gani ya mtandao, na je, kuna siku ambayo IPv4 itazimwa kabisa kwetu? Sitaki kuwaudhi wateja ambao kwa sasa mambo yao yanakwenda, hata kama yanakwenda kwa kuchechemea.

Mhandisi wa Bonde (Nakuru)

Ndugu wa Kondele, nianze na ugawaji wa anwani, kwa kuwa ndilo jambo litakalokusumbua miaka mingi ukilikosea, ilhali mengine mengi yanarekebishika kwa usiku mmoja wa kazi.

Sisi tuliofunzwa na IPv4 tumezoea ubahili, na ubahili huo ulikuwa na sababu. Hazina kuu ya dunia ya anwani za IPv4 iliisha Februari 2011, na AFRINIC, msajili wa anwani wa bara letu mwenye makao Mauritius, aliingia awamu ya mwisho ya kugawa masalio Januari 2020, ambapo ombi moja haliwezi kuzidi /22, yaani anwani 1,024. Anwani ya IPv6 ina biti 128 badala ya 32, na mtoa huduma wa intaneti hupewa /32 kama kiwango cha chini. Ndani ya /32 hiyo mna mafungu 65,536 ya ukubwa wa /48, na kila /48 ina mitandao midogo 65,536 ya /64. Anayegawa IPv6 kwa desturi za IPv4 ni sawa na mtu aliyesimama kando ya Ziwa Victoria akiwapimia wenzake maji kwa kijiko. Swali unalopaswa kujiuliza si mteja anahitaji anwani ngapi, bali mitandao mingapi.

Kwa hiyo omba fungu lako mwenyewe kwa AFRINIC, usitegemee la kupewa na mtoa huduma anayekuuzia laini. Ukitumia lake, siku mtakapoachana au siku utakapotaka laini ya pili kutoka kampuni nyingine, itakubidi ubadilishe anwani za mtandao mzima hadi nyumbani kwa mteja. Hata hivyo, kabla ya kutuma ombi mwulize kwa maandishi kama ataitangaza /32 yako kwa BGP, utaratibu ambao mitandao hutangaziana njia, na kama laini yake inapitisha IPv6 moja kwa moja bila kuifunga ndani ya IPv4. Jibu likiwa la kusitasita, hapo ndipo kazi yako ya kwanza ilipo.

Baada ya hapo kata fungu kwa kufuata tarakimu za heksadesimali, yaani biti nne nne, hata pale ambapo unaona unabakiza nafasi kubwa. Natumia anwani za mfano zilizotengwa kwa maandishi kama haya. Ukiwa na 2001:db8::/32, tenga 2001:db8:0000::/36 kwa mitambo yako mwenyewe, 2001:db8:1000::/36 kwa Kisumu, 2001:db8:2000::/36 kwa Siaya na 2001:db8:3000::/36 kwa Vihiga. Kila mnara upate /40: Kondele iwe 2001:db8:1100::/40, Mamboleo 2001:db8:1200::/40, na kuendelea hivyo. Nyumba ipewe /56, ambayo ni mitandao 256, na biashara au shule ipewe /48. Katika mnara mmoja mna nafasi ya nyumba 65,536, kwa hiyo hutabanwa. Faida yake utaiona usiku wa manane: ukiitazama anwani katika kumbukumbu unajua papo hapo ni kaunti gani na mnara gani bila kufungua jedwali lolote, na kwenye BGP na ruta za ndani unatangaza mstari mmoja kwa mnara badala ya mamia.

Wako watakaokushauri umpe mteja wa nyumbani /64 moja tu. Usikubali. Simu na kompyuta hujipangia anwani zenyewe ndani ya /64, na utaratibu huo hauruhusu kuikata zaidi, kwa hiyo mwenye /64 moja hawezi kutenganisha mtandao wa wageni na wa familia. Atarudi kwenye NAT, na utakuwa umehamisha tatizo bila kulitatua.

Mkufunzi wa Mitandao (Kakamega)

Naunga mkono aliyoandika Mhandisi, nami nashikilia suala la usalama, kwa maana nimeona mitandao ikiwashwa IPv6 kabla kanuni za faiawoli, ukuta wa kuzuia miunganisho isiyotakiwa, hazijaandikwa. Katika MikroTik kanuni za IPv4 na za IPv6 hukaa mahali pawili tofauti, na zile ulizoziandika kwa miaka upande wa kwanza hazina nguvu yoyote upande wa pili. Kama ruta zako bado ziko kwenye RouterOS 6 (programu endeshi ya MikroTik), kifurushi cha IPv6 huja kimezimwa, kwa hiyo hujaathirika. Ukipanda hadi toleo la 7 kimo ndani tayari. Andika kanuni kwanza, kisha ndipo uweke anwani. Huku kwa mteja, ruta ya nyumbani ikatae miunganisho inayoanzia nje isipokuwa ile mwenyewe aliyoifungua. Wengi wanadhani NAT ndiyo iliyokuwa ikiwalinda, kumbe kilichokuwa kikiwalinda ni kule kukumbuka miunganisho iliyoanzia ndani, na kazi hiyo faiawoli inaifanya vizuri bila NAT.

Sasa ogopa kosa la upande wa pili, ambalo ni kufunga ICMP yote, yaani ujumbe ambao vifaa vya mtandao hutumia kuarifiana. Katika IPv4 watu walifanya hivyo na mambo yakaenda. Katika IPv6 ICMP ni sehemu ya uhai wa mtandao: kwa njia hiyo vifaa hutambuana kwenye laini moja, ruta hujitangaza, na mtumaji huambiwa kwamba pakiti yake (kipande cha data anachotuma) ni kubwa mno. Jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwako kwa sababu unatumia PPPoE, ambayo hula baiti 8 na kukuachia 1,492 badala ya 1,500. Ruta za IPv6 hazikati pakiti njiani kamwe. Ni mtumaji peke yake anayeweza kuipunguza, naye hawezi kujua kama umeuzuia ujumbe wa kumjulisha. Dalili yake inachanganya sana: pingi (jaribio dogo la kuona kama kifaa kinafikika) inajibu, ukurasa unaanza kufunguka, halafu unaganda. Ruhusu ujumbe huo kila mahali, na kwa tahadhari ya ziada punguza MSS ya TCP, yaani kiwango cha juu cha data ndani ya pakiti moja, iwe 1,432, ambayo ni 1,492 ukitoa baiti 40 za kichwa cha IPv6 na 20 za TCP.

Tahadhari nyingine ni ya simu. Android haipokei anwani moja moja ya kugawiwa na seva kwa utaratibu wa DHCPv6, nao wateja wetu wengi huingia kwa simu za Android. Kwa hiyo ndani ya nyumba tegemea matangazo ya ruta, na DHCPv6 uitumie kuikabidhi ruta ya mteja fungu lake la /56.

Mama Mitandao (Bungoma)

Wenzangu wamesema ya kitovu, nami nitasema ya ukingoni, maana huko ndiko muda wako mwingi utakakoishia.

Kwanza, fungu la mteja lisibadilike. Hapa kwetu umeme unapotea na kurudi bila taarifa. Kama ruta ya nyumbani itawaka na kupewa /56 mpya kila mara, simu na runinga ambazo hazikuzimika zitaendelea kushikilia anwani za fungu la zamani, na mteja atakupigia akisema intaneti ipo lakini haifunguki. Hilo si jambo la kubahatisha: mwongozo wa RIPE-690 wa mwaka 2017, wa jumuiya ya RIPE ya Ulaya, unashauri watoa huduma wawape wateja mafungu ya kudumu kwa sababu hiyohiyo. Katika RADIUS ipo sifa iitwayo Delegated-IPv6-Prefix. Mwandikie kila mteja fungu lake humo, karibu na jina lake, na papo hapo umepunguza ule mzigo wa kumbukumbu uliokuelemea, kwa kuwa kwa upande wa IPv6 anwani inamtaja mteja mmoja tu.

Pili, hesabu ruta zilizoko majumbani kwa aina na toleo la programu kabla hujawaahidi wakurugenzi tarehe yoyote. Ruta ya bei nafuu huandikwa IPv6 kwenye boksi, lakini ukiijaribu haiwezi kuomba fungu kupitia PPPoE, au inaliomba na kusahau kulitangaza ndani. Chukua aina moja moja, uijaribu mezani, uandike matokeo. Zile zisizofaa usizibadilishe zote kwa mkupuo. Kuanzia leo kataa kununua nyingine za namna hiyo, na za zamani ziondoke zinapoharibika.

Tatu, usiamini ukimya wa wateja. Vivinjari vya siku hizi hujaribu njia zote mbili na kurukia IPv4 mara IPv6 inapochelewa, kwa kusubiri sehemu ndogo ya sekunde tu. Ni utaratibu mzuri kwa mteja, lakini wewe unakufichia ugonjwa. IPv6 inaweza kuwa imekufa mnara mzima wa Mamboleo kwa wiki bila simu hata moja. Mfumo wako wa uangalizi upime kila toleo peke yake, kutoka kila mnara.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Nashukuru sana, Mhandisi, Mwalimu na dada wa Bungoma. Nimeanza kuona mpangilio: barua kwa mtoa huduma wa juu na ombi kwa AFRINIC kwanza, kisha ruta za mpakani na faiawoli, halafu ofisi yetu wenyewe na mnara mmoja wenye wateja wavumilivu. Limebaki lile swali la kuzima IPv4. Kijana mmoja tuliyemwajiri anapendekeza tuwape wateja wapya wa Siaya IPv6 pekee na kuwafikisha IPv4 kwa NAT64, mbinu ya kutafsiri kati ya matoleo hayo mawili, ili tusijenge kule mambo ya zamani. Je, wakati umefika?

Mhandisi wa Bonde (Nakuru)

Kijana wako ana akili, na msimvunje moyo, ila kwa laini za majumbani ningesubiri. NAT64 pamoja na DNS64 (inayojibu jina la tovuti ya IPv4 kwa anwani ya IPv6) humfikisha mteja kwenye tovuti ya IPv4 kwa kuipachika anwani yake ndani ya 64:ff9b::/96. Inafanya kazi mradi programu inauliza jina kwa DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Programu iliyoandikiwa anwani ya IPv4 moja kwa moja itakwama, na kamera na vinasa video vingi vinavyouzwa mitaani mwetu ni vya aina hiyo. Simu zimetatua jambo hili: Android imekuwa na mbinu ya 464XLAT, inayotafsiri IPv4 ndani ya simu yenyewe, tangu toleo la 4.3, na Apple ilianza kudai Juni 2016 kwamba kila programu inayoletwa dukani kwake ifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee. Nyumbani hali ni tofauti, kwa sababu kazi hiyo ingepaswa kufanywa na ruta ya mteja, na ruta za bei ya wateja wetu nyingi haziiwezi.

Kwa hiyo Siaya wape yote mawili: IPv6 halisi ya /56, na IPv4 nyuma ya NAT kama ilivyo sasa. Hutapoteza kitu. Kadiri trafiki ya Google, YouTube na Facebook inavyohamia IPv6, ndivyo milango ya NAT inavyopungua kutumika. Anwani moja ikichangiwa na nyumba 64, kila nyumba ina milango kama elfu moja. Ukiona wastani wa matumizi yake unashuka mwezi baada ya mwezi, unaweza kuongeza nyumba kwenye anwani ileile bila kukodi nyingine. Chora grafu ya milango hiyo tangu siku ya kwanza, kabla hujawasha chochote, kwa kuwa wakurugenzi watataka kuona fedha ilikookolewa.

IPv6 pekee ijaribuni mahali ambapo vifaa ni vyenu na mnavijua: mtandao wa kusimamia redio na swichi za minara. Huko hakuna mteja wa kuudhika, mnaachana na zile anwani za ndani za IPv4 zinazoanza na 10, zinazogongana kila mnapoongeza mnara, na kijana wako atajifunza NAT64 kwa vitendo. Ikiwa baadhi ya redio hazikubali kusimamiwa kwa IPv6, ziorodheshe, na orodha hiyo iende pamoja na agizo lenu la vifaa vya Siaya kabla halijatumwa.