Mjadala: Anayejifunza programu akikwama, apewe jibu au aachwe ahangaike?

Mwanagenzi: Wakuu, kundi letu la wanaojifunza kuandika programu limeweka sheria mpya: mtu akileta kodi (maandishi ya programu) iliyogoma, ni marufuku kumpa iliyorekebishwa. Aulizwe maswali mpaka aone kosa mwenyewe. Juzi kuna aliyekuwa na orodha ya vitu 3, akaita kitu namba 3, Python, lugha ya programu tunayojifunza, ikakataa. Wakamhoji jioni nzima, na hakuna aliyemwambia kwamba hesabu inaanzia 0, yaani kitu cha mwisho ni namba 2. Hajarudi tena. Naona sheria hii inafukuza watu. Mnasemaje?

Nukta_Mkato: Sheria iko sawa. Ukimwandikia leo, kesho analeta ileile imebadilishwa majina. Ujumbe wa hitilafu ulimtajia mpaka namba ya mstari, hakuusoma. Ndiyo shida ya hawa wa Python, lugha inayowabeba mgongoni. Tulioanza na lugha ya C tulifunzwa adabu mapema.

Kitanzi: Nani kabebwa mgongoni? Nimeanza na Python na ndiyo inayonilisha. Halafu C nayo inahesabu kuanzia 0! Tena ukivuka mwisho wa orodha C haina wajibu wa kukuonya. Inaweza kukusomea chochote kilicho jirani kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuendelea na safari. Huyo kijana angekuwa kwenye C, asingepata hata huo ujumbe unaomlaumu hakuusoma.

Nukta_Mkato: Ndivyo mtu anavyojifunza uangalifu. Kumbukumbu unaiomba mwenyewe na unairudisha mwenyewe.

Kitanzi: Wakongwe wa C wanafanya makosa ya kumbukumbu kila siku, na mengine ndiyo milango ya wadukuzi. Uangalifu gani huo?

Mwanagenzi: Jamani, swali langu halikuwa C na Python.

Chanja: Lugha ya kuanzia ni sehemu ya swali. Wenzetu wa zamani walianza na BASIC, iliyotengenezwa na Microsoft, na walijifunza wenyewe bila kuwa na wa kumuuliza.

Mzee_wa_Tepu: Si ya Microsoft, ndugu. BASIC ilizaliwa chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964. Ni kazi ya Kemeny na Kurtz, na walilenga hasa wanafunzi wasio wa sayansi. Microsoft imeanzishwa 1975. Miaka mitatu baada ya BASIC ikaja Logo, ya watoto kabisa. Watu wazima wenye elimu zao walikaa wakatunga lugha nzima ili anayeanza asiteseke bure. Leo mtu kumwambia mwenzake "anzia 0" ndiyo kumdekeza?

Chanja: 1964 au 1975, hoja yangu ni kwamba walihangaika.

Mzee_wa_Tepu: Hoja yako ilisimama juu ya historia hiyo.

Bi_Mabano: Naomba niingie, maana mimi ndiye ninayekaa na wanaoanza. Kuna kuhangaika kunakofundisha na kuna kupoteza muda. Mtu anafuata kitabu cha Python 2, anaandika print (amri ya kuchapisha) bila mabano, Python 3 inakataa. Ataling'amua vipi kwa kufikiri? Hiyo ni kanuni iliyobadilishwa na wengine mwaka 2008. Mwambie, aendelee. Lakini kitanzi chake (sehemu ya kodi inayojirudia) kikizunguka bila kukoma, hapo usimpe jibu. Mwambie achapishe thamani kila mzunguko na atazame ni ipi isiyobadilika. Kinachoniudhi kuliko yote ni msaidizi anayenyakua kipanya. Anabonyeza mara tano, "umeona?", anaondoka. Mwenye kompyuta hakuona chochote.

Nukta_Mkato: Anayenyakua kipanya ni kwa sababu wengine wanachukua dakika kumi kutafuta faili walilohifadhi wenyewe.

Bi_Mabano: Basi zisubiri hizo dakika kumi, bwana. Kujua faili limelala wapi ni somo pia. Kama huna subira hiyo, usijitolee kusaidia.

Chanja: Yote haya yamepitwa na wakati. Wakati mnamhoji, yeye anafungua ChatGPT, ile ya akili bandia, na kupewa kodi nzima bila kuulizwa swali.

Kitanzi: Anapewa, na mara nyingine ni kosa lililoandikwa kwa kujiamini. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, walipiga marufuku majibu yake Desemba 2022, siku chache tu baada ya kutoka, kwa sababu hiyo. Anayeanza atajuaje lipi la kweli?

Chanja: Imeboreshwa tangu hapo.

Mwanagenzi: Aliyeondoka kwetu huenda ndiko alikokwenda. Kule hakuna wa kumfanya ajione mjinga. Nukta_Mkato, nakuuliza kwa heshima: yule wa orodha ya vitu 3, ungemjibu nini, neno kwa neno?

Nukta_Mkato: Ningemwambia achapishe namba 0, kisha 1, kisha 2, aone kila moja inatoa nini.

Kitanzi: Umeshamwambia kuna 0. Hilo ni jibu.

Nukta_Mkato: Ni zoezi. Kodi yake haijaguswa na mtu, na atakachokiona kwenye skrini amekitoa mwenyewe.

Bi_Mabano: Mimi hilo nalikubali. Lakini kwa sheria ya kundi lao, Nukta_Mkato angefungiwa.

Nukta_Mkato: Basi waliiandika vibaya. Na bado nasema angeanza na C.