Mjadala: Kikosi bora cha Denver cha nyakati zote, Mutombo anaanza au anakaa benchi?

Jambo yenu, ndugu zangu.

Jumamosi jioni kwenye kiwanja cha mpira wa kikapu cha saruji huku Katuba, Lubumbashi, mechi ilipoisha, dogo mmoja aliokota kipande cha chaki akaandika chini majina matano: Murray, Thompson, Carmelo, English, Jokić. Akasema hicho ndicho kikosi bora cha Denver Nuggets tangu timu hiyo iingie NBA, ligi ya Marekani, mwaka 1976. Nikamuuliza, na Dikembe Mutombo, mrefu wetu Mkongo? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Yaya, Mutombo tunamupenda shiye bote, lakini hapa hapana nafasi yake." Karibu wote waliokuwa pale wakamuunga mkono. Jibu lile limenikaa rohoni mpaka leo, ndiyo maana nalileta hapa tulibishanie.

Kwanza tuelewane kuhusu kipimo. Mimi namhesabia mchezaji yale aliyoyafanya akiwa amevaa jezi ya timu ile. Tusiposhika hapo, kesho mtu ataniwekea Allen Iverson, ambaye Denver alikaa kama miaka miwili tu. Na tena hao watano wana mpira mmoja wa kugawana. Mwaka 2008 Denver ilikuwa na Iverson na Carmelo Anthony pamoja, watu wawili wanaojua kufunga kuliko karibu wote wa wakati wao. Lakers waliwatoa raundi ya kwanza, mechi 4 kwa 0. Najua mtaniambia nyuma yao alikuwepo Marcus Camby, mlinzi bora wa ligi wa mwaka 2007, na bado walifagiliwa. Kweli. Lakini Camby alikuwa anazima moto ambao wenzake wa mbele waliuacha uwake. Nitairudia hoja hiyo nikifika kwa Fat Lever, ninayemtaka kwenye kikosi changu.

Sasa Mutombo mwenyewe. Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1991 alichaguliwa wa 4, akacheza Denver misimu mitano. Msimu wa kwanza tu alikuwa na wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3 (mipira anayoidaka mtupo ukikosa kikapu) kwa mechi, akaitwa kwenye mechi ya nyota. Kuanzia 1994 hadi 1996 aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, miaka mitatu mfululizo. Tuzo za mlinzi bora alizipata nne maishani, na ya kwanza, ya 1995, aliipata akiwa Denver.

Halafu kuna Mei 1994. Seattle walikuwa wameshinda mechi 63 msimu ule, wa kwanza upande wa Magharibi. Denver walishinda 42, wakaingia mtoano kwa nafasi ya 8, ya mwisho. Wakapoteza mechi mbili za mwanzo. Wakashinda ya tatu, wakashinda ya nne, na ya tano wakaishinda kule kule Seattle kwa muda wa nyongeza, 98 kwa 94. Timu ya nafasi ya 8 ilikuwa haijawahi kumtoa wa kwanza. Katika mechi zile tano Mutombo alizuia mitupo 31. Picha yake mnaijua: ribaundi ya mwisho ameidaka, ameanguka chali sakafuni, mpira ameushika juu ya uso kwa mikono miwili, mdomo wazi, anacheka na kulia kwa pamoja. Watoto wa kiwanjani kwetu wanatikisa kidole kama yeye wakimzuia mtu, na wengine walizaliwa yeye akiwa amekwisha kustaafu.

Kwa watu wa Lubumbashi nilidhani hoja hii isingehitaji maneno mengi. Bismack Biyombo alizaliwa hapa hapa. Mei 2016 alikuwa Toronto, wanacheza na Cleveland ambayo ilikuwa imeshinda mechi zake zote 10 za mtoano mwaka ule. Biyombo akachukua ribaundi 26, rekodi ya timu, na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Pointi zake? 7. Na sisi wa Mazembe, timu yetu ya soka, tukipanga kikosi cha nyakati zote, nani atamweka golikipa Kidiaba benchi kwa sababu hafungi mabao?

Hoja yenye uzito ni moja, na dogo aliisema vizuri: Jokić ni pivo, Mutombo ni pivo, chini ya kikapu nafasi ni moja. Jokić siwezi kumgusa. Alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, akawaletea Denver ubingwa wao wa kwanza 2023. Tuliamka saa nane na nusu za usiku kuangalia fainali zile na Miami, na hakuna aliyelalamika asubuhi. Na ni kweli Denver walijaribu kumpanga na mrefu mwingine, Jusuf Nurkić, mwaka 2016. Haikwenda, Jokić akabaki pivo peke yake.

Lakini Nurkić naye alitaka mpira pale pale Jokić anapoutaka. Mutombo anataka mpira wa mpinzani. Jokić mwachieni juu, karibu na mstari wa pointi tatu, agawe pasi anavyojua na atupe akiachwa wazi, na kule nyuma awe na mtu wa kumfunikia makosa yake ya ulinzi.

Mtasema mchezo umebadilika, kwamba tangu msimu wa 2001-02 mlinzi haruhusiwi kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Sawa. Rudy Gobert amecheza maisha yake yote chini ya sheria hiyo, naye ana tuzo nne kama Mutombo. Na mwaka 2024 nani aliwatoa mabingwa Denver? Minnesota, wakiwa na warefu wawili: Karl-Anthony Towns anayetupa kutoka mbali, na Gobert aliyelinda kikapu. Mechi ya saba, uwanja wa Denver, Minnesota wakiwa nyuma kwa pointi 20, wakageuza wakashinda 98 kwa 90. Mpango mnaouita wa zamani ndio uliomtoa Jokić akiwa katika ubora wake. Mimi nasema apewe yeye mpango huo.

Waliobaki sitawachelewesha. Alex English hana mjadala: hakuna aliyefunga pointi nyingi kuliko yeye katika NBA miaka yote ya themanini. Jamal Murray anaingia kwa ubingwa na kwa mitupo ya mbali, maana hapo ndipo kikosi changu ni dhaifu. Wa tano ni Fat Lever. Mtu mfupi kwa vipimo vya NBA, lakini aliruka na warefu, akaiba mipira, na mechi alizofikisha kumi katika pointi, ribaundi na pasi kwa pamoja zinapita 40. Camby hakuwa na mtu kama huyo mbele yake.

David Thompson alifunga pointi 73 katika mechi moja mwaka 1978, na kumwacha nje kunaniuma. Carmelo pia, ambaye 2009 aliwafikisha fainali ya Magharibi. Hapo kwa Lever niko tayari kusikiliza, kwa sababu Lever na Mutombo wote wawili hawatupi kutoka mbali, na mpinzani mwerevu ataziba katikati. Mwenye kutaka kumwingiza Thompson aniambie nani atamkaba mtu wa mbele. Kwa Mutombo, anayetaka kumtoa anijibu kwanza hiyo mechi ya saba ya 2024.