Wauza taa wa Dodoma, plastiki siyo kristali! Nimetoa 1,850,000 nikapewa plastiki

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa sababu ya maneno niliyokuwa nimeyaweka. Leo nimetulia kidogo, naombeni mnisome.

Nimeuziwa shendalia (ile taa kubwa ya kuning'inia yenye vipande vinavyometa) ya "kristali" kwa shilingi 1,850,000 kwenye fremu moja hapa Dodoma mjini. Kristali siyo. Hata kioo siyo. Ni plastiki, tupu! Nilipoirudisha, kijana wa dukani alininyooshea kidole tu karatasi iliyobandikwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Mimi ni mtumishi, nilihamia huku 2019 na ofisi. Tumejenga Nkuhungu kwa kudunduliza, tofali za mwezi huu, mabati ya mwaka kesho. Vigae tumechukua vya bei ya chini, milango ya bei ya chini, makabati ya jikoni mpaka leo hayana milango. Kitu kimoja tu nilimwambia mume wangu hapa sibani: taa ya sebuleni. Mama yangu ni mtu wa Tanga. Yeye hasemi shendalia, anasema thurea. Alikuwa akienda kushona nguo kwenye nyumba moja ya watu wenye nazo, na tangu tukiwa wadogo anatuhadithia jinsi jua la asubuhi lilivyokuwa likiipiga ile thurea, ukuta mzima ukajaa vidoa vya rangi, na yeye anasimamisha cherehani ili atazame. Nilitaka akija Dodoma akae chini ya thurea ya mwanawe. Basi.

Dukani nikaambiwa ni kristali ya Austria. Austria kuna kristali kweli, kiwanda cha Daniel Swarovski kilianzia Wattens mwaka 1895, hilo nililijua, na ndilo lililoniponza. Nilisikia Austria nikafungua pochi. Sikushika kipande hata kimoja. Taa ilikuwa juu inawaka, imezungukwa na nyingine ishirini zinawaka, kila kitu kinameremeta, utajuaje?

Fundi wao ndiye aliyekuja kuifunga. Akatoboa dari ya jipsamu, akaweka fisha (vile vishikizo vya skrubu) nne, akaning'iniza, akachukua hela yake akaondoka na boda. Wakuu, jipsamu haibebi shendalia! Taa ya uzito ule inafungwa kwenye zege kwa kulabu ya chuma, au kama juu ni kenchi, unalaza kipande cha mbao kutoka kenchi hadi kenchi na kulabu inashika mbao, dari inakuwa pazia tu. Mwezi wa nane mchana nikaona ufa umezunguka kikombe cha taa kama mtu amechora na penseli. Wanangu walikuwa wanaangalia katuni chini yake. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Tukaita fundi mwingine, mzee mmoja wa Majengo. Akapanda ngazi, akaishusha, akaiweka kwenye mkeka. Akachomoa kipande kimoja, akakigonga kwenye jino lake, akakigonga tena, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hiki si kioo."

Sikumwamini. Nikaenda kwa binamu yangu Kisasa, yeye ana taa ya kioo kweli aliyotoka nayo Dar, vipande vyake umbo na ukubwa sawasawa na vyangu. Nikamwomba ishirini. Tukapeleka duka la nafaka tukapima: vyake gramu 400, vyangu gramu 190. Nikarudi nyumbani nikapasha sindano kwenye jiko la gesi nikaigusisha kwenye kipande changu. Ikazama. Harufu ikajaa jikoni. Mume wangu alitoka nje bila kusema neno, na ile hela nusu ni yake.

Sasa ngoja niseme kinachoniuma zaidi ya hela, ni lile jibu nililopewa pale dukani niliporudi na gunia langu la vipande: "Dada yangu, kristali ni jina la muundo tu." Muundo? Kristali ina maana yake! Ile ya jadi ni kioo kilichochanganywa na madini ya risasi. Mwingereza George Ravenscroft alipata hataza (haki ya uvumbuzi) yake mwaka 1674, na huko Ulaya ili kioo kiitwe kristali ya risasi, oksidi ya risasi lazima ifike asilimia 24. Hiyo risasi ndiyo inayokipa uzito na kukifanya kipasue mwanga mmoja ukatoka rangi za upinde wa mvua. Wamisri wanaitengeneza mpaka leo. Halafu kuna K9, kioo safi kisicho na risasi, kinatoka China kwa wingi na bei yake inashikika. Mimi sina ugomvi na China wala na K9. Muuzaji angeniambia "dada hii ni K9, ni kioo cha China," ningenunua nikamshukuru. Hata plastiki, mwenye chumba cha kupanga ana haki ya kupamba kwa plastiki, lakini aambiwe plastiki na alipe bei ya plastiki!

Na plastiki hizi zina mwisho wake. Walinifungia balbu kumi na mbili za wati 40 kila moja, zile ndogo za moto. Baada ya miezi minane vipande vilivyo karibu na balbu vimegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku, viwili vimepinda. Hapo hujaongeza vumbi la Dodoma. Kiangazi chetu mnakijua, upepo unaanza asubuhi na ukifungua dirisha unapokea nusu ya barabara. Kioo unakifuta kwa kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kinarudi kama kipya. Plastiki kila ukiifuta inabaki na mikwaruzo, na ukiifuta kavu ndiyo inavuta vumbi zaidi.

Kingine, waliniuzia taa isiyolingana na nyumba yangu na wala hawakuuliza. Sebule ni mita 5 kwa 4, yaani kama futi 16 na 13. Kuna hesabu rahisi wanayotumia wapambaji: jumlisha futi za urefu na upana, jibu lisome kama inchi za kipenyo cha taa. Kwangu ni 29, sentimita 74 hivi. Wao wakanipa ya mita nzima. Dari yangu iko mita 2.9, na mahali watu wanapopita chini ya taa panatakiwa pabaki angalau mita 2.1. Ile taa ina urefu wa mita 1.1, piga hesabu mwenyewe. Shemeji yangu aliigonga kwa kipaji cha uso siku ya ubatizo wa mwanangu mbele ya wageni.

Mnaojenga sasa Nzuguni, Ilazo, Iyumbu, na najua mko wengi humu, msinunue taa iliyo juu. Mwambieni aishushe. Shika kipande mkononi: kioo kina ubaridi na uzito, plastiki inapata joto la kiganja haraka. Gonganisha viwili, kioo kinalia, plastiki inatoa mlio butu. Balbu ziwe za LED, za kioo angavu, siyo zile zilizofunikwa ukungu mweupe, maana ukungu unatawanya mwanga na kristali inabaki haina cha kupasua. Na mwanga uwe wa joto, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000. Ile nyeupe ya 6,500 inafanya sebule ifanane na zahanati. Risiti ya EFD iandikwe neno "kioo". Yangu imeandikwa "taa 1", na hapo ndipo waliponishikia.

Lakini hawajanimaliza. Kibandiko cha ukutani siyo sheria. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inataka bidhaa ifanane na maelezo iliyouziwa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Picha ninazo, meseji ya muuzaji yenye maneno "kristali ya Austria" ninayo, vipande vilivyochomwa sindano viko kwenye bahasha. Jumatatu barua inakwenda Tume ya Ushindani.

Jina la duka sitaji humu, litakuwa kwenye barua. Ninachoomba, aliyeuziwa taa ya namna hii hapa Dodoma, boksi la kahawia lenye picha ya tausi, aje PM na risiti yake tuandike pamoja. Na kama kuna anayejua mwenye duka, hapa au hata Dar, anayekubali mteja aje na mzani na sindano kabla ya kulipa, anielekeze. Mama anakuja Desemba.

NYONGEZA: Mwenye duka amenipigia saa hizi, anataka nifute uzi anirudishie 500,000. Nimemwambia 1,850,000 na gharama ya dari.