Hereni za sumaku, klipu au skrubu kwa masikio yasiyotobolewa? Naombeni uzoefu

BintiPangani:
Wadau habari za jioni. Mdogo wangu anaolewa Tanga mwisho wa mwezi na mimi ndo msimamizi wake. Sasa masikio yangu hayajatobolewa na wala sitoboi, kwetu tuna keloidi, dada yetu mkubwa alitoboa enzi za shule akaota kovu nyuma ya sikio likakua mpaka ukubwa wa harage, wakamkata hospitali na likarudi tena, toka hapo mama akapiga marufuku kutoboa nyumba nzima.

Nimezunguka Kariakoo nimeonyeshwa aina tatu: za sumaku, za klipu ya kubana na za skrubu kwa nyuma. Za sumaku ndo zimenikaa moyoni maana ukivaa hamna anayejua kama sikio halina tundu. Ila nataka zinazoning'inia kidogo, ntavaa toka saluni asubuhi mpaka ukumbini usiku na nina mtandio juu. Zitakaa kweli? Haziumi? Naomba aliyezivaa ndo anijibu jamani, siku ile sina muda wa kutafuta hereni chini ya viti.

MamaNasra_Kisauni:
Hongera mwenzangu kwa harusi. Za sumaku mimi ndo zangu za kila siku kazini, zile za kidoti zilizogandana na sikio, nazipenda na siachi. Lakini kwa zinazoning'inia na mtandio, la. Mtandio unafungwa kwa pini na pini nyingi ni chuma, ukipitisha mkono tu karibu na sikio ile pini inavutwa na sumaku, unasikia tik, ukiitoa pini na kile kidude cha nyuma kimetoka nacho. Kinaingia ndani ya nguo na hukioni tena. Tena vile vibanio vyeusi vya nywele ndo balaa zaidi, na siku ya harusi kichwa chote kimejaa hivyo vibanio.

Ukiwa lazima uvae sumaku basi funga mtandio kwanza umalize kila kitu, hereni ziwe za mwisho.

FundiSonara:
Dada BintiPangani, nikueleze inavyofanya kazi ili uamue mwenyewe. Hizo sumaku ni neodimiamu, ndogo lakini kali sana. Ukali wake uko pale zinapogusana, zikiachana kidogo tu nguvu inashuka haraka mno. Nyama ya sikio ndo inayoziachanisha, kwa hiyo mwenye sikio jembamba anavaa siku nzima na mwenye sikio nene anaziokota chini, hereni zile zile, duka lile lile. Usisikilize muuzaji anayekwambia hizi zinashika kila mtu, vaa pale pale dukani, inama, tikisa kichwa, vaa mtandio na uuvue.

Jambo la pili ni uzito. Sumaku inazuia vizuri kuvutwa moja kwa moja, ila kuteleza kwenda chini haizuii sana, na hereni inayoning'inia kazi yake yote ni kuvuta chini na kucheza cheza. Ukiongeza jasho au losheni ndo inashuka taratibu bila wewe kujua mpaka inadondoka. Mimi kwenye benchi langu hereni ikizidi gramu 3 sifungi sumaku, naweka skrubu.

Na ukizitoa usivute kama unang'oa, zitelezeshe pembeni ziachiane. Kung'oa ndo kunabana ngozi na kuacha alama nyekundu.

Nesi_Zamu:
Naomba niongezee upande wa afya maana umegusia keloidi. Kutotoboa umefanya sawasawa kabisa. Sumaku haichani ngozi kwa hiyo ni afadhali mara nyingi kuliko tundu, ila ikiwa kali mno na ukakaa nayo masaa mengi inazuia damu kufika pale, utaona ngozi imekuwa nyeupe ukiitoa, halafu nyekundu na inauma. Kwa mtu mwenye asili ya keloidi sitaki ngozi ifike mahali pa kuchubuka. Kila baada ya masaa mawili matatu vua, acha sikio lipumue kidogo, rudisha.

(Dada yako mkubwa kama bado kovu linamsumbua arudi kwa daktari wa ngozi, kukata peke yake mara nyingi linarudi. Siku hizi baada ya kukata wanachoma sindano, na wengine wanapewa hereni maalumu za kubana sikio, kazi yake ni kukandamiza kovu lisiote. Hizo zinapimwa na daktari, hizi za dukani hazifanyi hiyo kazi.)

Sasa la muhimu kuliko yote. NYUMBA YENYE WATOTO WADOGO. Mtoto akimeza sumaku moja inaweza kupita, akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo, moja ikiwa kwenye utumbo huu na nyingine kwenye utumbo ule, nyama iliyobanwa katikati inakufa na kutoboka. Dalili zinaanza kama kuumwa tumbo kwa kawaida tu, mzazi anasubiri. Usisubiri atoe haja, nenda hospitali hapo hapo useme neno sumaku ili wapige picha haraka. Na watoto wakubwa nao wanapenda kujiwekea puani waonekane wana kipini, zinagandana pande mbili za pua na kutoa ni kazi.

Na ukizivua usizitie kwenye sidiria kama tulivyozoea kutia hela na simu, hasa mama au bibi mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, sumaku inavuruga kile kifaa. Iwe mbali nacho, angalau sentimita 15.

BintiPangani:
Asanteni sana, nesi umenishtua kwa kweli, nyumba ya harusi itajaa watoto. Kwa hiyo nabaki na klipu au skrubu? Klipu niliyojaribu dukani iliniuma baada ya dakika chache tu.

Zuu_Muscat:
Shoga kuna aina ya nne hujaonyeshwa, zile klipu za plastiki nyembamba zinazokumbatia sikio kama kijiduara, hazionekani kabisa na haziumi hata chembe, mimi najisahau nimelala nazo. Kasoro yake zinakatika upesi na hazibebi kitu kizito, na Tanga kwa joto lile ukitoka jasho zinahama. Kwa picha za mchana sawa, kwa kucheza ngoma usiku sikushauri.

MamaNasra_Kisauni:
Klipu ya kubana inauma kwa sababu spring ndo inaamua, wewe huna la kufanya. Skrubu unakaza mwenyewe mpaka pale unapotaka, nayo ukumbuke kukaza kidogo kuliko unavyodhani, ikianza kupwita legeza nusu mzunguko. Tafuta vile vipadi vya silikoni uvishe kwa nyuma.

FundiSonara:
Hapo Mama Nasra kamaliza. Nyongeza tu, huna haja ya kutafuta hereni mpya ya skrubu, ukipenda hereni yoyote ya tundu mpelekee sonara atoe kulabu aweke skrubu, kazi ndogo. Ila mwambie uso wa skrubu unaogusa sikio uwe mpana, ukiwa mdogo uzito wote unakaa nukta moja na ndo maumivu yanapotokea. Uliza pia kama kuna nikeli, wengine inawawasha mpaka ngozi inatoa maji. Hata sumaku nyingi juu zimepakwa nikeli zisipate kutu, kwa hiyo anayewashwa na kifungo cha jinzi kitovuni ajue na hizo zitamwasha.

Na kwa wengine wanaosoma hapa watakaobaki na sumaku, zivae baada ya draya. Hizo za kawaida zikifika nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu na hairudi.

BintiPangani:
Basi naenda na skrubu, kesho nampelekea sonara zile ndefu za mama. Zile za kidoti za sumaku ntachukua jozi moja ya kuvalia ofisini, na zitakaa kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati.

Nesi_Zamu:
Sawa mpenzi. Kabla ya harusi vaa hizo za skrubu nyumbani jioni nzima ukiwa unapika na kuinama inama, ndo utajua ukaze kiasi gani.