Renesansi ilibadilisha nini hasa katika fasihi ya Kiingereza? Natafuta vitu vya kuonyesha darasani

Mwl_Masasi:
Habari za jioni, wakuu. Nafundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano. Kila nikitoa swali la Renesansi, ule mwamko wa elimu na sanaa wa Ulaya, insha zinarudi na wimbo uleule: watu walikuwa gizani, wakaamka, wakamtukuza binadamu, akatokea Shakespeare. Maneno kama hayo huwezi kuyakosoa, wala huwezi kuyapa maksi. Nataka kitu ambacho mwanafunzi ataweka kidole juu yake aseme "hiki hapa hakikuwepo, na kimefika kwa njia hii". Nina vipindi viwili vilivyoungana, yaani dakika 80, ubao, karatasi za manila na kitabu kimoja kimoja. Nianzie wapi?

Shangani_Mtwara:
Mwalimu, anza na soneti. Ni shairi la mistari 14 tu, linaenea ubaoni, na safari yake inajulikana.

Petrarca aliandika soneti zake Italia karne ya 14. Uingereza ilichelewa, kwa sababu vita vya kugombea taji viliendelea hadi 1485, na Caxton alifungua mashine ya kwanza ya uchapaji pale Westminster mwaka 1476 tu. Wakati wa Mfalme Henry VIII ndipo wanadiplomasia na watu wa ikulu, Thomas Wyatt na kijana wake wa karibu katika fani, Earl wa Surrey, walipoanza kumtafsiri Petrarca. Bahati nzuri kwako, wote wawili walitafsiri soneti ileile, namba 140, ile ya Mapenzi anayejifanya askari, anapandisha bendera usoni, kisha anafukuzwa na kukimbilia moyoni. Weka tafsiri mbili kwenye manila mbili, pembeni kwa pembeni.

Waambie waandike herufi za vina, kila kina na herufi yake. Mistari minane ya mwanzo ya Wyatt inafuata Mtaliano: abba abba. Ya Surrey inakwenda abab cdcd ecec ff, maana kina kimoja kimerudi; mpango wake kamili, unaoonekana katika soneti zake nyingine, ni abab cdcd efef gg. Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama, na inafaa ujue sababu kabla hujaingia darasani. Mtoto aliyekulia kwenye shairi la Kiswahili, lenye vina vya kati na vya mwisho, haoni tatizo la kurudia kina mara nne. Maneno yetu yanaishia na irabu, na ya Kitaliano karibu yote vilevile, kwa hiyo vina vimejaa. Kiingereza kina miisho mingi mno, vina vyake ni haba. Mpango wa Petrarca unadai kina kimoja kitumike mara nne katika mistari minane. Mpango wa Surrey unataka vina saba, kila kimoja mara mbili tu. Huo ndio uliobaki, na ndio Shakespeare aliotumia karibu katika zote za soneti zake 154 zilizochapwa 1609.

Na umbo likibadilika, hoja nayo inahama. Kwa Petrarca shairi linageuka baada ya mstari wa 8. Kwa Waingereza mara nyingi mgeuko unasubiri mistari miwili ya mwisho, na hiyo miwili inapiga kama hukumu.

Tahadhari moja kubwa: wanafunzi watahesabu mizani 10 na kudhani wamemaliza. Kiingereza hakihesabu mizani peke yake, kinahesabu mapigo: dhaifu, nguvu, dhaifu, nguvu, mara tano. Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo sikio halijazoea kuutafuta. Wapige meza wakisoma. Wyatt atawasumbua kwa sababu mistari yake mingine haikai sawa. Waliochapa mkusanyo wa mashairi wa Tottel mwaka 1557 walimnyoosha bila idhini, maana alikwisha kufariki tangu 1542.

Mtanda_Lindi:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila Surrey ana jambo kubwa kuliko soneti. Alitafsiri kitabu cha 2 na cha 4 cha *Aeneid*, utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Ushairi wa Kilatini wa Virgil hauna vina, na Waitaliano walikwisha jaribu kuandika hivyo. Surrey akashika mapigo matano, akaacha vina kabisa. Mwaka 1562 tamthilia ya *Gorboduc* ikachezwa kwa mtindo huo mbele ya Malkia Elizabeth. Marlowe akaupa nguvu jukwaani, Shakespeare akaulainisha, Milton akaandikia *Paradise Lost*, 1667. Ukitaka mnyororo mmoja wa kuchora ubaoni, chora huo.

Baada ya hapo waonyeshe tafsiri ikigeuka kuwa tamthilia. Plutarch aliandika maisha ya watu mashuhuri kwa Kigiriki. Amyot akamtia katika Kifaransa 1559, Thomas North akamtoa Kifaransa kwenda Kiingereza 1579, na Shakespeare akasoma North. Chukua Kleopatra akienda kumlaki Antony, katika *Antony and Cleopatra*. North tayari ana tezi ya dhahabu, matanga ya zambarau, makasia ya fedha yanayofuata mlio wa filimbi. Shakespeare anachukua vyote vitatu karibu kwa maneno yaleyale. Anachoongeza yeye: matanga yamenukia hadi pepo zinaugua mapenzi, na maji yanayopigwa na makasia yanakimbilia kasia kama vile yanapenda kupigwa. Mtoto wa Mikindani au wa Lindi anayejua tezi na omo ataona haraka kipi ni chombo na kipi ni ushairi. Mwanafunzi apigie mstari wino mwekundu kilicho cha North, bluu kilichoongezwa. Hiyo ni dakika 20, na insha inapata ushahidi.

Mwl_Masasi:
Asanteni sana. Swali la nyongeza: karibu wote wanaandika kwamba Renesansi iliweka dini pembeni. Niwakosoe vipi?

Ndanda_Njia4:
Mwalimu, hilo likatie mzizi mapema, linaharibu insha nzima. Msomi Erasmus, rafiki wa mwandishi Mwingereza Thomas More, alichapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, mwaka uleule More alipotoa *Utopia* kwa Kilatini. Kurudi kwenye lugha za asili hakukuishia kwa Virgil. Mwingereza Tyndale alitafsiri kutoka Kigiriki hicho, Agano lake likachapwa 1526 nje ya Uingereza, akauawa 1536. Biblia ya Mfalme James ya 1611 imejaa maneno yake. Wewe uko Masasi, kwa hiyo mfano uko mlangoni: Askofu Edward Steere, aliyefika huko 1876 na watumwa waliokombolewa, ndiye huyo aliyefanya kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili.

Kisha wasomee saa ya mwisho ya Faustus wa Marlowe, msomi aliyemuuzia shetani roho yake. Saa imegonga mara kumi na moja, yaani saa tano usiku, kumebaki saa moja achukuliwe na shetani. Katikati ya hofu hiyo anawaomba farasi wa usiku waende polepole, na anaomba kwa Kilatini. Maneno ni ya Ovid, mshairi wa Kirumi, kutoka shairi la mpenzi asiyetaka kupambazuke ili aendelee kulala na mwanamke wake. Marlowe mwenyewe alikuwa amemtafsiri Ovid. Malaika mwema na mbaya, na dhambi saba kuu, ni urithi wa michezo ya kidini ya zamani. Vyote viko katika tamthilia moja. Mwanafunzi akiona hapo, hataandika tena kwamba kipya kilifuta cha zamani.

Mtanda_Lindi:
Naongeza zoezi la nyumbani. Roger Ascham, mwalimu wa Elizabeth, aliandika katika kitabu chake cha 1570: mtoto atafsiri Kilatini kwenda Kiingereza, kitabu kiondolewe, apumzike saa moja angalau, kisha arudishe Kilatini kwenye daftari jingine na kulinganisha na cha mwandishi. Fanya hivyo na *Juliasi Kaizari* ya Mwalimu Nyerere. Mpe hotuba ya Antony kwenye mazishi, mistari 12 isizidi, aitie katika Kiingereza bila kufungua Shakespeare. Baada ya saa moja afungue. Usisahihishe tahajia, sahihisha pale alipokosa pigo na pale alipotumia maneno matano mahali Shakespeare ametumia mawili. Wasiojiweza wawili wawili, maana mmoja mmoja wananakili.